Maji Yasiyofika Goti Yanavyopinda Konrodi

Siku inayofuata mvua kubwa jijini Dar es Salaam, gereji za mitaani hupokea magari yaliyovutwa kwa kamba, na wenye magari hayo, wengi wao suruali zikiwa bado zimekunjwa hadi magotini, hutoa maelezo yanayofanana mno: maji hayakuwa mengi. Hayakufika usawa wa mlango, mazulia ya ndani ni makavu, taa zinawaka na redio inalia. Gari lilizima ghafla katikati ya dimbwi, na tangu hapo kila likipigwa stata linatoa mlio mmoja mfupi na kunyamaza. Fundi anayeijua kazi yake husikiliza hadi mwisho, kisha huuliza kama stata ilipigwa baada ya gari kuzima, na ilipigwa mara ngapi. Jibu la swali hilo ndilo humwambia kama mteja ataondoka akiwa amelipia oili, plagi na kichujio kipya cha hewa, au atakwenda Gerezani, mtaa wa maduka ya vipuri, kutafuta injini nyingine.

Nimekaa sana kwenye mabenchi ya gereji, kwa kuwa kaka yangu ni fundi na mimi ni mtu wa kuuliza maswali, na nimeridhika kwamba wateja hawa hawadanganyi. Maji kweli hayakuwa mengi. Tatizo liko kwenye kipimo wanachokitumia, kwa sababu wanayapima maji kwa mlango, kwa goti la mpita njia, au kwa tairi la gari lililotangulia, ilhali injini ina mahali pamoja tu panapoihusu, nao ni ule mdomo wa plastiki inaovutia hewa. Maji yakifika pale, hata kwa nusu sekunde, kina cha dimbwi hakina tena umuhimu wowote.

Ukimuuliza mtu yeyote wa Dar es Salaam ni wapi magari huharibiwa na maji, atakutajia Jangwani. Mto Msimbazi unateremka kutoka vilima vya Pugu, unapita katikati ya jiji na kuikata Barabara ya Morogoro pale Jangwani kabla ya kuingia baharini karibu na daraja la Selander. Na mto ukifurika, barabara hufungwa, mabasi ya mwendokasi husitisha safari, na jiji hugawanyika vipande viwili. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na tangu wakati huo hakuna dereva mwenye akili timamu anayelidharau bonde lile. Lakini kwa sababu hiyohiyo ya kuogopwa, nadhani Jangwani haiui injini nyingi kama inavyosifiwa. Injini hufa Mikocheni, hufa Sinza jirani na Mto Ng'ombe, hufa Tabata na Mbezi Beach, kwenye mitaa ambayo mtaro umezibwa na mchanga na chupa za plastiki, maji yametuama bila mkondo, watoto wanacheza pembeni, na kila mtu anaona wenzake wanapita. Pale hakuna askari aliyesimama kuzuia magari na hakuna kitu cha kumtisha mtu. Dereva anakanyaga mafuta ili amalize haraka, na hapo ndipo anapoharibu.

Ili kueleza kinachotokea, nachukua mfano wa Toyota IST, kwa sababu ukisimama kwenye barabara yoyote ya jiji hili hutasubiri muda mrefu kabla haijapita moja. IST nyingi zilizopo hapa zina injini ndogo ya sentimita za ujazo 1,298, yenye silinda nne. Kila silinda, basi, ina nafasi ya takriban sentimita za ujazo 324 ambamo pistoni inapanda na kushuka. Pistoni ikishuka inavuta hewa, ikipanda inaibana, cheche ya plagi inalipua mchanganyiko wa hewa na mafuta na kuisukuma pistoni chini, kisha pistoni inapanda tena kutoa moshi. Uwiano wa kubana katika injini hiyo ni 10.5 kwa 1. Maana yake ni kwamba pistoni ikifika juu kabisa, hewa yote ile inakuwa imebanwa katika nafasi ya sentimita za ujazo kama 34 hivi. Kiasi hicho hakijazi kikombe kidogo cha kahawa chungu kinachouzwa vijiweni, na ukikigawanya kwa upana wa pistoni, ambayo kipenyo chake ni milimita 75, unapata pengo la wastani lisilofika hata milimita 8.

Hewa inakubali kubanwa, ndiyo maana injini inafanya kazi. Maji hayabaniki kwa kiasi chochote chenye maana ndani ya injini. Yakiingia kwenye silinda maji yanayozidi ile nafasi ya sentimita za ujazo 34 wakati valvu zote, yaani milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi, zimefungwa na pistoni inapanda, pistoni itafika mahali ikakuta kitu kisichorudi nyuma, huku krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), gurudumu zito lililofungwa mwisho wake na silinda nyingine tatu zikiendelea kuisukuma ipande. Lazima kitu kimoja kikubali kushindwa. Silinda hedi, kifuniko cha juu cha silinda, imefungwa kwa bolti ndefu na imara. Krenki ni chuma kinene. Pistoni inaungwa mkono pande zote na ukuta wa silinda. Kiungo chembamba katika mnyororo huo ni konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki. Konrodi imeundwa kuhimili msukumo wa mlipuko wa kawaida, ambao kwa pistoni ya ukubwa huu huweza kufika tani mbili, lakini haikuundwa kwa ajili ya kusukuma kitu kisichosogea. Inapinda, na kwa kawaida inapinda kabla dereva hajasikia chochote.

Kasi ya jambo lenyewe ndiyo inayowashangaza watu. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila silinda inavuta hewa mara 1,000 katika dakika hiyo, yaani zaidi ya mara 16 kwa sekunde. Ili silinda ya IST ipate maji ya kuipinda konrodi, inatosha ivute mara moja tu, na zaidi kidogo ya sehemu ya kumi ya ilichovuta iwe maji badala ya hewa. Ndiyo maana dereva anayesema kwamba alipoona maji yanaruka juu ya boneti aliachia mafuta mara moja, anasema kweli, na bado injini yake imeharibika.

Sasa swali linalobishaniwa zaidi vijiweni ni hili: kama mdomo wa hewa uko juu, karibu na usawa wa taa za mbele, na maji ya dimbwi yako chini ya bampa, maji yalipandaje hadi pale? Jibu la kwanza ni kwamba maji yanayosukumwa na gari hayabaki katika kina chake. Gari linapoingia kwenye dimbwi kwa kasi, maji hayapati muda wa kupisha. Yanajikusanya mbele ya bampa na kupanda, yanapenya katika nafasi za grili, yanarushwa na matairi hadi ndani ya chumba cha injini, na feni ya rejeta ikiwa inazunguka inayatawanya kila upande. Dimbwi lenye sentimita 25 likipigwa kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa linaweza kulowesha sehemu ambazo likipitwa kwa mwendo wa mtu anayetembea lisingezifikia kabisa. Jibu la pili ni gari lingine. Dereva wa IST anaweza kwenda kwa adabu zote, kisha fuso iliyobeba mchanga ikaja upande wa pili bila kupunguza mwendo na kusukuma wimbi linalofunika taa zake za mbele. Nimeliona jambo hili likitokea, na niseme wazi kwamba dereva wa fuso hakujua kabisa alichokifanya nyuma yake, kwa sababu injini yake yeye iko juu na yeye mwenyewe ameketi juu zaidi.

Jibu la tatu sijaliona likisemwa sana, na ni la kwetu hasa. Magari yetu mengi yalikuja kutoka Japani yakiwa na kava za plastiki chini ya injini na ndani ya fenda za matairi, pamoja na kipande cha bomba la plastiki kilichoelekezwa kwa makusudi ili boksi la kichujio cha hewa livute hewa kutoka mahali pasipofikiwa na maji ya barabarani. Baada ya miaka michache ya matuta na mashimo, kava zile zinakatika na kutupwa. Kipande cha bomba kinang'olewa siku fundi anapobadilisha taa au rejeta, kisha kinasahauliwa kwenye rafu ya gereji, kwa sababu gari linawaka na kwenda vizuri bila hicho kipande. Vijana wengine huondoa boksi zima na kufunga kichujio cha wazi ili injini itoe mngurumo. Magari mawili yanayofanana kwa kila kitu yanaweza, basi, kuingia kwenye dimbwi moja yakifuatana, moja likapita na lingine likafia katikati, na watu wakasema ni bahati. Ukifungua boneti zote mbili utaona kwamba moja linavuta hewa kutoka juu ya rejeta na lingine linavuta kutoka kwenye tundu lililo wazi nyuma ya bampa.

Bomba la moshi, ambalo ndilo hulaumiwa na karibu kila mtu, halina hatia kubwa. Imani iliyoenea ni kwamba maji huingia kwa nyuma, kupitia ekzosi, na kwa hiyo dereva anashauriwa akanyage mafuta kwa nguvu ili moshi uyafukuze. Maji yenye kina cha sentimita 30 yanasukuma kwa nguvu ndogo sana, kama asilimia 3 tu ya msukumo wa hewa inayotuzunguka, na injini inayozunguka taratibu inatoa moshi wenye uwezo wa kuyazuia bila shida. Injini ikizima ndipo maji yanapoingia katika sailensa na yanaweza kuharibu vilivyomo humo, lakini hadi yapande kwenye valvu za injini ni lazima dimbwi lenyewe liwe la kina kirefu kweli. Ushauri wa kukanyaga mafuta una ukweli kidogo kwa anayetumia gia ya kwanza na kushikilia klachi huku gari likienda polepole. Kwa anayekanyaga na kukimbia, ushauri huo ni sumu, maana anaongeza wimbi la mbele na nguvu ya kuvuta hewa kwa wakati mmoja.

Turudi kwenye ile dakika ya kwanza baada ya gari kuzima. Mara nyingi injini huzima kabla konrodi haijapinda, hasa ikiwa ilikuwa inazunguka polepole: kichujio cha karatasi kimelowa na kuzuia hewa, au maji yamefika kwenye koili za plagi na kukata cheche, au maji machache yameingia kwenye silinda moja na kuisimamisha kwa upole. Gari katika hali hiyo bado linaokoleka. Kisha wanatokea vijana wa kusukuma, ambao siku ya mvua huwa tayari kila penye dimbwi, na ambao kwa haki ya Mungu wanatoa huduma ya maana. Wanasukuma mpaka pakavu, wanapokea pesa yao, na mmoja anaegemea dirisha na kusema, "Bosi, piga stata, hiyo inawaka." Inapigwa. Inagoma. "Piga tena, bosi, imekaribia." Hapo ndipo nafasi ya kuokoa inapotea, na sababu yake inahitaji kuelezwa vizuri. Stata peke yake ina nguvu ndogo, na ikikutana na silinda yenye maji kwa kawaida inakwama tu. Lakini injini ina silinda nne. Moja ikiwa na maji na nyingine tatu zikiwa kavu, stata inaweza kuzungusha vya kutosha ili moja ya zile kavu ilipuke, na mlipuko huo ndio unaoisukuma pistoni yenye maji ipande kwa nguvu ambayo stata isingekuwa nayo. Mmiliki anasikia kishindo kimoja, kisha kimya. Kwa gari la gia za mkono kuna kosa baya zaidi, nalo ni kuliwasha kwa kulisukuma likiwa kwenye gia ya pili: uzito wa gari zima, pamoja na watu wanne wanaolisukuma, unaelekezwa kwenye konrodi moja.

Kaka yangu, akipigiwa simu na mteja aliyekwama, husema maneno machache na kwa sauti ya amri ambayo kwa kawaida hana: "Mama, toa ufunguo, uweke mfukoni, usimpe mtu yeyote. Nakuja." Akifika hachomoi kitu kabla ya kufungua boksi la kichujio cha hewa. Kichujio kikiwa kikavu kabisa na boksi halina tone, anapumua, maana tatizo linaweza kuwa la umeme tu. Kikiwa kimelowa, gari linavutwa hadi gereji bila mjadala. Huko betri inafunguliwa, plagi zote nne zinatolewa, na krenki inazungushwa kwa mkono kwa spana iliyoshika bolti ya puli ya mbele, taratibu, akihisi kama kuna mahali inapokwama. Maji yaliyomo yanamwagika kupitia matundu ya plagi, na yaliyobaki yanarushwa nje kwa kupiga stata kwa muda mfupi plagi zikiwa bado mezani, mafuta yamekatwa, na uso wa kila mtu uko mbali. Kisha anatia oili kidogo katika kila silinda ili kuta zisipate kutu usiku ule. Injini ya dizeli haina plagi za cheche, kwa hiyo kwake hutoa nozeli au plagi za kupasha joto, kazi ambayo ni ndefu zaidi.

Oili inamwagwa hata kama inaonekana safi. Maji yaliyopita pembeni ya ringi za pistoni au kupitia bomba la kupumulia injini yanakwenda kukaa chini ya oili kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na injini ikizungushwa yanachanganyika nayo hadi inakuwa nzito na yenye rangi ya maziwa. Oili ya namna hiyo haishiki kwenye beringi za krenki. Gari likiendeshwa nayo litanoki kwa sababu ambayo haihusiani tena na konrodi iliyopinda, na mwenye gari ataambiwa injini ilikuwa imechoka. Fundi makini hubadilisha oili na filta, anawasha injini kwa muda, anamwaga tena oili ile mpya na kutia nyingine. Wateja hulalamika kwa gharama ya oili mara mbili. Sijawahi kuona lalamiko lenye faida ndogo kuliko hilo.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa na gereji nyingi, na kwa maoni yangu ndiyo muhimu kuliko zote: kupima kwa geji kompresheni ya kila silinda, yaani jinsi inavyobana hewa. Konrodi iliyopinda inakuwa fupi, hata kama ni kwa milimita moja au mbili. Pistoni yake haifiki juu kama wenzake, hewa yake haibanwi sawasawa, na geji inaonyesha silinda ile iko chini ya nyingine tatu. Asiye na geji anaweza kuingiza kijiti kirefu kisicho cha chuma kigumu katika tundu la plagi, azungushe krenki kwa mkono, na kulinganisha urefu ambao kila pistoni inafikia. Ni kazi ya nusu saa. Badala yake, kinachofanyika mara nyingi ni kwamba plagi zinakaushwa na kurudishwa, stata inapigwa, injini inawaka ikitetemeka kidogo, na watu wanashangilia. Fundi anapokea pesa yake na kusema imepona, na kwa siku hiyo hakuna wa kumbishia.

Jirani yangu mmoja aliendesha Noah iliyopona kwa namna hiyo. Iliwaka, ikawa na mtetemo mdogo ikiwa imesimama kwenye foleni, ikala oili kuliko zamani, na kila aliyeulizwa alisema ni mauntini, yaani raba zinazoshikilia injini. Miezi ilipita. Masika yalikwisha, kiangazi kikaja, na siku moja akiwa na familia yake kwenye barabara ya Chalinze kwenda Segera, konrodi ilikatika na kutoboa bloki, oili ikamwagika barabarani kupitia tundu ambalo mtu angeweza kupitisha ngumi. Barabara ilikuwa kavu kabisa. Hakuna mtu aliyehusisha tukio lile na dimbwi la Mikocheni hadi injini ilipofunguliwa, na kuta za silinda mbili zikakutwa zimelika upande mmoja tu. Konrodi iliyopinda inaisukuma pistoni iegemee upande mmoja kila inapopanda na kushuka, beringi yake inaliwa kwenye kona badala ya kuliwa sawasawa, na chuma kilichokwisha kupindwa kinaendelea kuchoka katika kila mzunguko, na mizunguko ni maelfu kwa kila dakika. Kuna injini zinazodumu hivyo kwa muda mrefu, nyingine zinakatika wiki inayofuata, na kelele zake mwanzoni ni ndogo kiasi kwamba redio inatosha kuzificha.

Wanaoendesha magari makubwa ya dizeli wananiambia kwamba haya ni matatizo ya vigari vya mjini. Hesabu haiwaungi mkono. Chukua injini ya dizeli ya Land Cruiser ya zamani, ile ya sentimita za ujazo 4,164 yenye silinda sita, ambayo kila silinda yake ina karibu sentimita za ujazo 694. Uwiano wake wa kubana ni kama 22 kwa 1, kwa hiyo nafasi inayobaki juu ya pistoni ni sentimita za ujazo kama 33, ndogo kidogo kuliko ile ya IST, ingawa silinda ni kubwa maradufu. Faida ya gari lile ni urefu wake, na bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa kwa magari yaliyofungwa bomba hilo kwa haki. Nasema kwa haki kwa sababu mengi ya mabomba hayo yanayofungwa mitaani ni pambo: viungio havikuzibwa, na chini, ndani ya fenda, kuna upenyo ambao maji yataingilia yakifika hapo kama vile bomba halipo. Tena hata lililofungwa vizuri halilindi gia boksi wala difu, ile gia ya kwenye ekseli. Vyombo hivyo vina tundu dogo la kupumulia, na vikiwa na joto la safari kisha vikatumbukizwa ghafla katika maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji. Oili ya difu inabidi ikaguliwe hata kama gari lilivuka huku likiimba.

Kwa mtu ambaye hana njia nyingine ila kupita, yapo mambo machache. Aone chini ya boneti yake kabla ya msimu wa mvua, si siku ya mvua, na amwambie fundi arudishe kile kipande cha bomba kilichosahauliwa. Asubiri, kwa sababu maji ya mitaani, tofauti na ya Jangwani, mara nyingi hupungua ndani ya saa moja au mbili baada ya mvua kukatika. Asimfuate mtu kwa nyuma, maana mwenzake akisimama katikati naye atasimama; apishane na magari makubwa akiwa bado pakavu. Aende mwendo wa mtu anayetembea, kwa gia ya chini, bila kusimama na bila kuongeza. Maji yanayotembea ni suala jingine kabisa, na hapo injini haistahili hata kufikiriwa: Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani huwaonya madereva kwamba sentimita 15 za maji yaendayo kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinaweza kulibeba gari dogo. IST ina uzito wa takriban tani moja na ndani yake mna hewa tele, kwa hiyo ikianza kuelea matairi hayana tena la kusema.

Anayenunua gari lililotumika ana wasiwasi wake mwingine. Aprili 2024 mvua ya chini ya siku moja ilileta zaidi ya milimita 250 katika eneo moja la Al Ain, katika Falme za Kiarabu, na barabara za Dubai zikajaa magari yaliyotelekezwa majini. Dubai ni moja ya masoko yanayotuletea magari Afrika Mashariki, na mwezi huohuo Nairobi nayo ilikuwa na mafuriko yake. Gari lililosafishwa vizuri halionyeshi kitu kwenye viti. Vuta mkanda wa usalama hadi mwisho wake uangalie mstari wa matope, inua tairi la akiba, kisha usiishie hapo: dai kipimo cha kompresheni ya silinda zote, kiandikwe, na tofauti kubwa kati ya silinda moja na nyingine iwe sababu ya kuondoka.

Kuhusu malipo, bima ndogo haikuhusu kabisa, kwa sababu inawalipa watu wengine unaowadhuru. Bima kubwa inategemea maneno yaliyoandikwa kwenye mkataba wako: kama mafuriko yametajwa, na kama kuna kifungu kinachoondoa uharibifu wa mitambo. India, ambako mitaa ya Mumbai na Chennai hufurika karibu kila msimu, kampuni za bima zinauza kinga ya ziada ya injini, kwa sababu mkataba wa kawaida huyahesabu madhara ya maji ndani ya silinda kuwa matokeo ya dereva kuendelea kuiwasha injini. Hata pasipo na kinga hiyo, mkaguzi wa bima anaweza kuuliza swali lilelile la fundi, kwamba stata ilipigwa au haikupigwa, na mwenye gari anahitaji ushahidi: picha ya gari likiwa limesimama majini, picha ya kichujio kilicholowa kabla hakijatolewa, risiti ya kuvutwa, na maandishi ya fundi yanayoonyesha alichokikuta kwenye kila silinda. Na ikiwa injini itabadilishwa, namba ya injini mpya haitalingana na iliyoandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo taarifa hizo zirekebishwe Mamlaka ya Mapato (TRA) mapema, kabla gari halijapata mnunuzi anayezisoma namba hizo.